Barafu ya Kilimanjaro na Ziwa Lililokauka

Tunapolitaja neno historia, wengi wetu huwaza juu ya watemi na masultani, misafara ya biashara, vita vya kupinga ukoloni na harakati za kudai uhuru. Hayo ndiyo yaliyoandikwa vitabuni, na hayo ndiyo wazee wetu waliyotusimulia. Hata hivyo, nchi yenyewe nayo ina historia yake. Mito imehama, maziwa yamejaa na kukauka, na milima imevaa barafu na kuivua mara nyingi kabla ya kabila lolote la leo kupata jina lake. Historia hiyo haikuandikwa kwa wino, wala hapana mzee aliyeishi umri wa kutosha kuisimulia. Imeandikwa katika mawe, katika matope ya chini ya maziwa na katika barafu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi historia ya barafu ya milima yetu mirefu, hasa Kilimanjaro, ilivyotafutwa na kuunganishwa kipande kwa kipande.

Yamkini mwanafunzi wa Ibadakuli atauliza: sisi na barafu wapi na wapi? Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, mahali ulipo uwanja wa ndege wa mji huo. Ni nchi ya tambarare iliyo kiasi cha mita 1,100 tu juu ya usawa wa bahari. Nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, ambako watu hutazama mawingu wakitafuta mvua. Swali lake ni la haki, na jibu lake ni hili: hali ya hewa iliyoikuza na kuipunguza barafu ya Kibo ndiyo hiyo hiyo iliyoijaza na kuikausha Nyanza, yaani Ziwa Viktoria. Na tangu mradi mkubwa wa maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulipozinduliwa mwaka 2009, maji ya ziwa hilo ndiyo yanayonywewa Kahama na Shinyanga. Kwa hiyo anayeuliza habari za barafu ya kale anauliza pia habari za mtungi wake mwenyewe.

Ushahidi wa wenyeji na ubishi wa London

Wachaga waliujua mlima wao tangu zamani. Katika hadithi zao, Kibo na Mawenzi ni ndugu waliokaa jirani. Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kuomba moto kwa Kibo, hata Kibo akachoka, akampiga kwa mchi. Ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongoka na kupasuka hadi leo. Hadithi hii si taarifa ya jiolojia, wala haifai kulazimishwa iwe hivyo. Lakini inaonyesha kwamba wenyeji walikuwa wameitazama tofauti ya vilele hivyo viwili na kuitafutia maelezo. Kuitazama nchi na kuuliza kwa nini iko vile ilivyo ndio mwanzo wa elimu yoyote.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo ukiwa na kilele cheupe. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ulikuwa nini, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kwamba ni theluji, akaandika habari hizo Ulaya. Huko London bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alikataa katakata. Kwake yeye haikuwezekana theluji ikae karibu na ikweta, na aliushikilia ubishi huo kwa miaka mingi ingawa hakuwahi kukanyaga bara hili.

Jibu la yule kiongozi lastahili kufikiriwa. Maneno tunayoyatumia leo yametoka mbali: theluji ni neno la asili ya Kiarabu, na barafu lina asili ya Kiajemi, nalo lilitufikia kwa njia ya bahari. Kiongozi hakuwa na jina la kigeni la kitu kile, lakini alikuwa na maarifa yake, nayo yalikuwa sahihi. Bingwa wa London alikuwa na majina yote, akakosa maarifa. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia usiku. Mwaka 1871 Charles New akaufikia ukingo wa theluji yenyewe. Hapo ubishi ulikwisha.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni pa Kibo. Vitabu vya kikoloni viliwataja hao wawili, vikasahau kwamba hawakufika peke yao. Mangi Marealle wa Marangu aliwapokea na kuwapa msaada. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea, akitunza moto na chakula. Na historia ya nchi yetu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa mmoja wa viongozi wa safari hiyo. Vipimo vya kwanza vya barafu ya Kibo vilipatikana kwa migongo na miguu ya watu kama hao.

Kusoma mawe

Barafu ya mlimani haikai kimya. Theluji inapoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, hugandamana ikawa barafu nzito, na uzito wake huisukuma iteremke polepole kama uji mzito. Katika kuteremka huko huchukua mawe na udongo, husugua miamba na kuitia mikwaruzo, na huyachimba mabonde yakawa mapana yenye kingo zilizosimama wima. Inapofika mahali pa joto huyeyuka na kuutua mzigo wake, ukabaki lundo refu la mawe na udongo, ambalo wataalamu huliita morena. Barafu ikirudi nyuma, lundo hubaki pale pale. Basi, anayekuta morena mahali ambapo leo hapana barafu anajua kwamba zamani barafu ilifika hapo.

Mwaka 1893 J. W. Gregory aliusoma Mlima Kenya kwa namna hiyo. Alikuta malundo ya mawe mbali sana chini ya barafu aliyoiona, akatangaza kwamba mlima ule uliwahi kuvaa barafu kubwa kuliko ile ya wakati wake. Meyer aliporudi Kilimanjaro mwaka 1898 aliona alama za namna hiyo huko nako. Tena akaona kwamba barafu aliyoikuta mwaka 1889 ilikuwa imepungua katika miaka tisa tu. Katika miaka ya 1953 na 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, wakishirikiana na Idara ya Jiolojia ya Tanganyika iliyokuwa na makao yake Dodoma, walizunguka mlima wakichora ramani ya miamba. Charles Downie, mmoja wao, alionyesha kwamba barafu haikuja mara moja tu. Ilikuja na kuondoka mara kadhaa, na katika vipindi vingine volkano ya Kibo ilikuwa bado hai, ikaufunika mzigo wa barafu ya kale kwa lava mpya. Katika kipindi cha mwisho cha baridi kali, barafu ya Kilimanjaro ilienea zaidi ya kilomita za mraba 100.

Hapa mwanafunzi wa Usukuma hana budi kuonywa. Katika nchi ya Shinyanga na Mwanza yako mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba yamepangwa na majitu. Mtu aliyesoma habari za morena anaweza kusema kwamba nayo yaliletwa na barafu. Sivyo. Mawe hayo ni matale yaliyooza mahali pake. Maji yalipenya katika nyufa za mwamba chini ya ardhi, yakaulainisha kandokando ya nyufa, kisha mvua za karne nyingi zikauondoa udongo laini na kuacha mabonge magumu yamesimama. Barafu huyachanganya mawe ya aina nyingi kutoka mbali, nayo huwa na mikwaruzo. Mabonge ya Usukuma ni ya mwamba ule ule ulio chini yake. Miamba ya nchi hiyo, pamoja na ile ya Geita inayobeba dhahabu, ina umri unaozidi miaka milioni 2,500. Kuwa ya kale si sawa na kuwa ya barafu, na kila alama lazima iulizwe swali lake.

Nadharia iliyopendeza, ikaanguka

Baada ya kuthibitika kwamba milima yetu iliwahi kuwa na barafu nyingi, lilizuka swali jingine: je, nyanda za chini zilikuwaje wakati huo? E. J. Wayland, aliyeongoza Idara ya Jiolojia ya Uganda kuanzia mwaka 1919, aliona matuta ya pwani za kale yaliyo juu ya maziwa ya leo, akahukumu kwamba ziliwahi kuwapo nyakati za mvua kubwa. L. S. B. Leakey aliliendeleza wazo hilo nchini Kenya. Ikaonekana ni jambo la akili kusema kwamba nyakati za barafu Ulaya ndizo zilizokuwa nyakati za mvua Afrika. Mkutano wa wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika uliofanyika Nairobi mwaka 1947 ukazipokea nyakati nne, zikapewa majina kutokana na mahali petu: Kagera, Kamasia, Kanjera na pango la Gamble.

Mpango huo ulipendeza kwa sababu ulikuwa mwepesi. Ulimwezesha mtafiti kuokota zana ya mawe Afrika na kuipa umri kwa kutazama kalenda ya barafu ya Ulaya. Lakini kasoro yake ilikuwa hapo hapo. Historia ya Afrika ilikuwa inapimwa kwa fimbo iliyokatwa mahali pengine, kabla ushahidi wa Afrika wenyewe haujapewa tarehe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu H. B. S. Cooke na R. F. Flint walionyesha kwamba ushahidi wa nyakati hizo ulikuwa dhaifu. Matuta mengine ya pwani yaliinuliwa na mitikisiko ya ardhi ya Bonde la Ufa wala si maji, na udongo uliodhaniwa kuwa wa mvua kubwa uliweza kuelezwa kwa njia nyingine.

Iliyoamua shauri ilikuwa tarehe. Kila kiumbe hai huwa na kaboni ya aina fulani ambayo hupungua kwa kipimo maalumu baada ya kufa kwake. Kwa kuipima, umri wa majani na matope yenye mabaki ya viumbe huweza kujulikana. Mwaka 1962 Daniel Livingstone alitangaza tarehe ya matope ya chini kabisa ya Ziwa Mahoma, ziwa dogo lililoko Rwenzori, kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, nyuma ya morena kubwa. Matope hayo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 14,000 kwa hesabu ya kaboni. Maana yake ni kwamba barafu iliyolisukuma lile lundo ilikuwa imekwisha ondoka kabla ya hapo. Baadaye mawe yenyewe yalipewa tarehe. Miali itokayo anga za mbali hulipiga jiwe lililo wazi na kuumba ndani yake klorini ya aina ya pekee, na kadiri jiwe linavyokaa juani ndivyo klorini hiyo inavyoongezeka. Kwa njia hiyo wataalamu T. M. Shanahan na M. Zreda walionyesha mwaka 2000 kwamba morena kubwa za mwisho za Kilimanjaro zina umri wa miaka 20,000 hivi. Huo ndio wakati ambao Ulaya ya kaskazini na Kanada zilikuwa chini ya barafu kubwa.

Ziwa lililokauka

Sasa yawezekana kulijibu swali la nyanda za chini. Mwaka 1969 R. L. Kendall alitoa matokeo ya utafiti wa matope aliyoyatoa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Chavua za mimea zilizohifadhiwa humo zilionyesha kwamba misitu iliyozunguka ziwa ni mipya kwa kulinganisha, na kwamba kabla yake nchi ilikuwa ya nyasi. Mwaka 1996 kundi lililoongozwa na Thomas Johnson lilitangaza jambo kubwa zaidi. Chini ya matope laini, hata katika sehemu zenye kina kirefu, walikuta tabaka gumu la udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Miaka kati ya 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, Ziwa Viktoria lilikauka.

Basi kauli ya zamani ilikuwa imepinduka. Wakati wa barafu kubwa milimani haukuwa wakati wa mvua nyingi nchini. Ulikuwa wakati wa ukame. Msomaji atauliza: barafu ilikuaje ikiwa mvua zilipungua? Ilikua kwa sababu ya baridi. Hewa ya milimani ilikuwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, hata theluji iliyoanguka, ingawa si nyingi, haikuyeyuka upesi. Na baridi hiyo hiyo iliyaathiri maji ya bahari. Bahari baridi haitoi mvuke mwingi, na pepo za msimu zilizotoka huko zilikuja na mvua haba. Ukame ulipozidi, ziwa halikuweza kustahimili. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake hakizidi mita 80 au zaidi kidogo, ilhali Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Tena sehemu kubwa ya maji yake haitoki mitoni bali ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Chombo kipana kisicho na kina, kinachojazwa kutoka juu, hukauka upesi kisipojazwa.

Watu waliokuwa wakiishi kandokando wakati huo walikuwa wawindaji na waokota matunda. Wasukuma, Wazinza, Waganda na Wahaya hawakuwapo bado kwa majina hayo, wala kilimo hakikuwapo. Ziwa lilijaa tena kabla ya mababu wa lugha za Kibantu kufika, nao wakalikuta kana kwamba lilikuwapo siku zote. Ndiyo sababu katika masimulizi yetu hakuna kumbukumbu ya ziwa lililokauka. Hapo ndipo tunapoona mpaka wa masimulizi na haja ya ushahidi wa matope.

Barafu inayotutoka

Mwanzoni mwa mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na wenzake walitoboa barafu ya Kibo mahali sita, wakatoa nguzo za barafu ambazo ndefu yake ilifika mita 50 hivi. Barafu hushika vumbi na hewa ya kila zama, tabaka juu ya tabaka. Walihukumu kwamba tabaka la chini lina umri wa miaka 11,700, na kwamba utando wa vumbi walioukuta ni wa ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Wengine hawakubaliani na umri huo. Georg Kaser na wenzake wametoa hoja kwamba barafu ya juu ya Kibo huenda ilitoweka na kurudi zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Shauri hilo halijakwisha.

Kuhusu kupungua kwa barafu hapana ubishi. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.4, mwaka 2011 ilibaki kilomita za mraba 1.76. Thompson na wenzake walikadiria kwamba ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Haikuisha, lakini iliendelea kupungua. Kuhusu sababu yafaa tuwe waangalifu. Kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, na wakati huo huo, baada ya mwaka 1880, Ziwa Viktoria nalo lilishuka sana kutoka kimo chake cha juu cha miaka ya 1870. Mlima na ziwa vilikosa mvua pamoja. Baadaye ongezeko la joto la dunia limezidi kuibana barafu hiyo, kama linavyobana barafu ya milima mingine duniani. Barafu ikiisha, hatutapoteza mandhari tu. Tutapoteza hati ambayo haina nakala, kabla haijasomwa yote na kabla ubishi wa umri wake haujakatwa.

Mafunzo kwa shule zetu

Habari hizi zina mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba ukubwa wa jina si ushahidi. Cooley alikuwa na jina, kiongozi wa Rebmann alikuwa na ukweli. La pili ni kwamba kalenda ya nchi nyingine haitoshi kuieleza nchi yetu. Mpango wa nyakati nne za mvua ulifundishwa kwa miaka mingi mpaka matope ya maziwa yetu wenyewe yalipoulizwa. La tatu ni kwamba mvua ya nchi hii haina ahadi. Mwaka 1961 mvua kubwa ziliinyanyua Nyanza zaidi ya mita moja katika muda mfupi. Mwaka 2006 ziwa likashuka sana. Mwaka 2020 likapanda tena. Wasukuma walilijua jambo hilo kwa njia yao. Desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi, ni elimu ya watu waliojua kwamba mwaka mwema hautoi dhamana ya mwaka ujao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa kwa kuifufua desturi hiyo.

Mwalimu wa Ibadakuli hahitaji kuwapeleka wanafunzi wake Kilimanjaro ili kuifundisha historia hii. Awapeleke kwenye mabonge ya mawe, wayaulize yalifikaje hapo. Awachimbishe shimo mbugani, wayatazame matabaka ya udongo mweusi na kuyapima. Wawaulize wazee miaka ya njaa na ya mafuriko, waiandike kwa mfuatano, kisha waulinganishe mfuatano huo na vimo vya ziwa vilivyopimwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyofanywa Rwenzori, Kibo na katika vilindi vya Nyanza, na katika nchi yetu bado iko nyingi ambayo haijafanywa.